Sisi wa Asilimia Sita: Barua ya Wazi kwa Wabunge wa Homa Bay na Migori

Kwa Waheshimiwa Wabunge 18 wa Kaunti za Homa Bay na Migori,
Bunge la Kitaifa,
Nairobi.

KUH: WITO WA KENYA KUJITOA KATIKA JUMUIYA YA AFRIKA MASHARIKI

Waheshimiwa,

Maneno ya Kenya kujitoa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki zamani yalikuwa ya watu wachache waliokasirishwa na jambo fulani mpakani. Siku hizi yanasemwa kwenye matatu, matangani na hata majukwaani. Nimeyasikia hapa sokoni Kendu Bay kutoka kwa watu ninaowaheshimu, baadhi yao wamefanya biashara na Musoma na Mwanza tangu ujana wao. Wanasema tumechoka kudharauliwa, tutoke, tuone nani atapata hasara.

Nawaandikia ninyi, wala si waziri au wale wajumbe wetu tisa wa Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha, kwa sababu mkataba wenyewe umeuweka ufunguo wa kutokea mikononi mwa wabunge wa kitaifa. Kifungu cha 145 kinasema nchi haiwezi kujiondoa mpaka Bunge lake lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha nchi impe Katibu Mkuu wa Jumuiya notisi ya miezi 12. Kwa Kenya hizo ni kura 233 kati ya 349. Ninyi ni 18: maeneo bunge manane kila kaunti, pamoja na wawakilishi wawili wa akina mama. Peke yenu hamwezi kupitisha azimio hilo wala kulizuia. Lakini siku litakapoletwa, wenzenu kutoka kaunti za mbali na ziwa watawatazama ninyi, kwa sababu ninyi ndio mnaotoka kwenye mpaka na kwenye maji. Naomba mlikatae, tena mseme mapema kwamba mtalikataa.

Hasira ya watu wetu naielewa, na mtu asiwaambie kwamba ni kelele za mitandaoni. Mwezi wa Mei 2025 wakili Martha Karua na Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga walirudishwa kutoka Dar es Salaam walipokwenda kufuatilia kesi ya kiongozi wa upinzani, Tundu Lissu. Siku hizo hizo mwanaharakati Boniface Mwangi na mwenzake wa Uganda, Agather Atuhaire, walikamatwa huko huko, wakaja kuachwa mipakani, kila mmoja kwenye mpaka wa nchi yake, na wote wawili wakasema waliteswa. Mwezi wa Julai serikali ya Tanzania ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Haikulenga viwanda vikubwa wala benki. Ilikwenda moja kwa moja kwa kinyozi, kwa fundi wa simu, kwa mwenye kibanda cha kutuma pesa, kwa mwenye duka la rejareja, kwa anayenunua mazao shambani. Hizo ndizo kazi ambazo kijana wa Karachuonyo au wa Nyatike akivuka mpaka anaziweza. Adhabu yake ni faini, kifungo na kufutiwa viza.

Amri hiyo inapingana na Itifaki ya Soko la Pamoja, ambayo Tanzania iliitia saini mwaka 2009 na ambayo imekuwa na nguvu tangu Julai 1, 2010. Kifungu cha 13 cha itifaki kinampa raia wa nchi mwanachama haki ya kwenda nchi nyingine mwanachama na kufungua biashara yake. Nani kasahau pia mwaka wa 2017, vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilipochomwa moto Namanga, na ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wetu waliovuka kutafuta malisho wakapigwa mnada? Mambo haya yalitendeka, na yaliuma.

Lakini nyani haoni kundule. Machi 5, 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa barua moja, ikitaja sumukuvu, na malori yaliyokuwa tayari barabarani yakakwama mpakani. Marufuku yenyewe iliondolewa baada ya siku chache na masharti yakawekwa mahali pake, lakini mkulima wa ng'ambo alikuwa ameshaelewa kwamba soko la Kenya linaweza kufungwa kabla gari lake halijafika. Waulizeni Waganda kuhusu maziwa yao ya kopo na ya unga, na sukari yao, jinsi vibali vilivyokuwa vikitolewa Nairobi leo na kuzuiwa kesho. Nayasema haya kwa sababu wanaotaka tutoke wanazungumza kana kwamba Kenya imekuwa mwanachama mwema aliyeonewa na majirani. Sote watatu, Kenya, Tanzania na Uganda, tumevunja tulichokitia saini, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alipobanwa na wapiga kura wake.

Sasa naomba tuje ziwani.

Ziwa letu lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi. Tanzania ina karibu nusu yake. Uganda ina sehemu kubwa ya nusu iliyobaki. Kenya ina asilimia 6. Na hiyo asilimia 6, kiasi kizuri chake ni Ghuba ya Winam hii tunayoitazama kutoka Kendu Bay, maji yasiyo na kina, yenye matope ya mito yote inayoshuka kutoka mashamba ya juu, na magugu maji yanayohama na upepo, leo yamefunga Homa Bay, wiki ijayo yamefunga Kisumu. Mbuta hakai hapa kwa wingi. Mbuta anataka maji makuu yenye hewa, na maji hayo yako nje ya ghuba, kuelekea Uganda na Tanzania. Hata omena wa kujaza masoko yetu hawatoki ghubani peke yake. Nchi iliyo na asilimia 6 ya ziwa imejenga viwanda vya samaki, masoko ya samaki na kaunti nzima nzima zinazokula, kuuza na kusomesha watoto kwa samaki ambao wengi wao hulala ng'ambo ya mpaka.

Mpaka wenyewe hauonekani majini. Mvuvi huujua kwa mlima fulani, kwa taa za kisiwa fulani, na kwa saa ambazo injini imekuwa ikinguruma. Mpwa wangu ni mmoja wa vijana wanne waliokamatwa na askari wa doria wa nchi jirani, nchi ambayo sitaitaja kwa sababu doria za pande zote zina visa vyao. Askari hawakuwapiga. Waliruka ndani ya mtumbwi, wakafungua skrubu mbili zinazoibana injini kwenye tezi, wakaibeba mikononi wawili wawili mpaka kwenye boti yao, wakarudi kuchukua nyavu zikiwa bado zinatiririka maji, wakachukua na jerikeni la petroli. Wakawaachia makasia mawili na bakuli la kutekea maji. Vijana wale walipiga makasia usiku kucha na sehemu kubwa ya siku iliyofuata, viganja vikawachubuka mpaka wakawa wanashika kasia kwa vitambaa vya mashati. Injini ilikuwa ya mkopo wa chama cha akina mama wa ufuoni. Samaki hawakuletwa, injini haikurudi, na mkopo uliendelea kudaiwa kila Ijumaa, maana chama hakina mpaka wa kimataifa.

Waheshimiwa, mtu aliyepatwa na jambo hilo anapewa nini na wito wa kujitoa? Samaki hawatahama kutufuata. Mstari wa mpaka hautasogea hata mita moja. Kitakachobadilika ni kwamba vijana hawa, ambao leo ni raia wa Jumuiya waliovuka kutoka sehemu moja ya ziwa lake kwenda nyingine, watakuwa wageni kutoka nchi ya nje waliokutwa wakichota mali ya Jumuiya ambayo si yao. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, ni taasisi ya Jumuiya, ingawa mkataba wake ulitiwa saini Kisumu mwaka 1994, kabla Jumuiya ya sasa haijazaliwa. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, tena ni chombo cha Jumuiya. Humo ndimo yanamozungumzwa matundu ya nyavu, majira ya kuvua, usalama wa mitumbwi na magugu maji. Tunayo haki ya kulalamika kwamba vyombo hivyo vinafanya warsha nyingi kuliko kazi, na mimi nalalamika. Ila mwenye asilimia 6 akiinuka na kuondoka, wenye asilimia 94 watamaliza kikao bila kukosa chochote.

Kuna hesabu nyingine ambayo sijaisikia ikisemwa na wanaotaka tutoke, na inaihusu Migori kuliko kaunti nyingine yoyote ya ukanda huu. Kenya na Uganda zote ni wanachama wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, ikabaki na SADC upande wa kusini, na sisi upande huu kupitia Jumuiya. Maana yake ni kwamba Kenya ikitoka kwenye Jumuiya, biashara na Uganda bado itakuwa na paa la pili la kujificha chini yake. Biashara na Tanzania itabaki kutegemea Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambalo bado halijamfikia mama mwenye magunia manne. Kwa hiyo mpaka utakaoumia kwanza ni wa Tanzania, na kwa upande wetu wa ziwa mpaka huo ni Isebania na Sirari, na Muhuru Bay, na zile njia zote ndogo za Kuria ambako boma la kaka liko Kenya na la mdogo wake liko Tanzania. Wabunge wawili wa Kuria na yule wa Nyatike wanayajua haya vizuri kuliko mimi.

Hesabu hiyo inajibu pia hoja ya sukari. Mkulima wa miwa wa Awendo anaposema sukari ya Uganda inamuua, hadanganyi. Nimeona miwa ikikauka shambani ikingoja kukatwa. Lakini sukari hiyo itaendelea kuwa na njia ya kuingia kwa kibali cha COMESA hata kama tumeondoka Arusha. Kwa miaka mingi kinga ya sukari yetu tulikuwa tukiiomba na kuongezewa muda huko huko COMESA, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa ahadi kwamba viwanda vitatengenezwa. Mbunge atakayemwambia mkulima wa Awendo kwamba kujitoa katika Jumuiya kutapandisha bei ya muwa atakuwa anamwambia jambo lisilo kweli, na mkulima atakuja kulijua baada ya mwaka mmoja.

Niwapeleke kwenye gunia la omena, kwa sababu hapo ndipo Jumuiya inapoonekana au kukosekana. Mchuuzi mzoefu wa hapa Kendu Bay hanunui gunia kwa kulitazama juu. Anafungua mdomo wa gunia, anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa konzi ya chini kabisa, anaisugua kati ya viganja kusikiliza kama kuna mchanga, anavunja omena mmoja aone kama amekauka mpaka ndani, ndipo ananusa. Akiridhika ndipo bei inaanza kuzungumzwa, na baadaye omena hao watapimwa kwa gorogoro na kufika hadi Oyugis, Kisii na Nairobi. Magunia mengi ya aina hiyo yamevuka kutoka Tanzania.

Chini ya Umoja wa Forodha, ulioanza Januari 1, 2005, bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya zinapaswa kuvuka bila kutozwa ushuru wa forodha. Mchuuzi huyu akiwa na mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, hahitaji wakala. Anapaswa kupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, kijazwe, kigongwe muhuri, apite. Wengi hawajawahi kukiona. Dada mmoja wa ukoo wetu alikiomba katika kituo kimoja cha mpaka, akaulizwa na afisa amekijulia wapi, akaambiwa akae pembeni angoje. Alingoja mpaka mvua ikanyesha, magunia yakiwa nje. Omena wakishalowa huanza kunuka na kuwa weusi. Aliwauza kama chakula cha kuku. Tangu siku hiyo anapita njia za panya, analipa anaowalipa, na akiulizwa habari za Jumuiya anasema hiyo ni ya watu wa suti.

Wanaotaka tutoke wangemtumia dada huyu kuwa ushahidi wao. Mimi naona kinyume. Haki yake ipo, imeandikwa, na Kenya imeitia saini. Aliyemnyima ni afisa mmoja mwenye kiti na muhuri. Tukitoka, afisa yule atakuwa na haki ya kumtoza. Mahindi yanayotoka nje ya Jumuiya yana ushuru wa asilimia 50. Hatujitayarishi kuwalipisha wapishi wa ugali wa Migori kiasi hicho kwa gunia lililotoka Tarime, mwendo wa muda mfupi tu kwa gari?

Kisha kuna mambo tuliyokwisha kuyaona, na naomba wale miongoni mwenu mliozaliwa baada yake mniwie radhi nikiyarudia. Jumuiya ya kwanza iliundwa kwa mkataba wa mwaka 1967. Reli, bandari, posta, ndege na meli za ziwa vilikuwa vya pamoja. Meli ilizunguka Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, na ndani ya ghuba gati la Kendu Bay lilikuwa na kazi. Maduka ya Old Town yetu, yale yenye milango ya mbao na vibaraza virefu, hayakujengwa ili kuuziana chumvi sisi kwa sisi. Yalijengwa kwa sababu mizigo ilikuwa ikishuka na kupanda hapa.

Halafu viongozi wakaacha kukutana. Nyerere alikataa kukaa meza moja na Idi Amin tangu mapinduzi ya 1971. Nairobi na Dar es Salaam zikawa zinagombana juu ya nani anafaidi zaidi na nani hapeleki fedha makao makuu. Januari 1977 Kenya ikaanzisha shirika lake la ndege. Februari Tanzania ikafunga mpaka. Katikati ya mwaka bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, ikawa imekufa. Meli ziligawanywa kama mali ya ndoa iliyovunjika: Victoria na Umoja zikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Mpaka haukufunguliwa mpaka Novemba 1983, na mgawanyo wa mali ulimalizwa kwa makubaliano ya 1984 baada ya Mswisi Victor Umbricht kupatanisha kwa miaka kadhaa. Wapo wafanyakazi wa mashirika yale waliodai mafao yao hadi uzeeni.

Miaka hiyo zaidi ya sita, watu wa Muhuru na wa Shirati, watu wa lugha moja na koo zile zile, walikuwa wakizikana kwa siri. Ukipata habari ya msiba ng'ambo, ulisubiri giza. Sabuni na mafuta ya kupikia vilivuka kwa magendo usiku, na aliyetajirika ni mwenye mtumbwi mkubwa na rafiki wa askari. Nawasikia vijana wakisema tutoke tuone, nami natamani wangekaa na mama wa Nyatike ambaye hakumzika dada yake.

Meli za Kenya ziliendelea kwa muda ndani ya ghuba, Kisumu, Kendu Bay, Homa Bay, kisha nazo zikakoma. Imechukua hadi mwisho wa 2019 kuiona Uhuru ikibeba tena shehena kutoka Kisumu kwenda Port Bell, safari hii mafuta. Zaidi ya miaka 40 imepita tangu mwaka ule wa 1977, na gati letu bado linangoja mizigo.

Uingereza nayo ilijaribu. Mwaka 2016 asilimia 52 ya wapiga kura wake waliamua kutoka Umoja wa Ulaya, na wavuvi walikuwa mstari wa mbele, wakiahidiwa kwamba bahari itakuwa yao. Januari 2021, kanuni mpya zilipoanza kutumika, samaki na kamba wa Uskoti walikaa kwenye malori wakingoja makaratasi, na chaza hai kutoka maji mengi ya Uingereza wakawa hawaruhusiwi tena kuingia soko la Ulaya. Wavuvi walipeleka malori yao London kuandamana mwezi ule ule. Bahari waliipata kwa kiasi, mnunuzi wakampoteza. Hiyo ni nchi tajiri, yenye jeshi la wanamaji na mabenki. Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka rasmi katika jumuiya ya Afrika Magharibi, ECOWAS, Januari 29, 2025 kwa sababu zao za kijeshi na kisiasa. Hizo siziombei mabaya, ila sioni kwamba mvuvi wa Rusinga ana cha kujifunza kwao.

Najua mtaniuliza juu ya Migingo. Nami nakiri kwamba hapo Jumuiya imetuangusha. Kisiwa kile, kidogo kuliko uwanja wa mpira, kiko upande wa Kenya kwa mpaka wa amri ya kikoloni ya 1926, nacho kimo katika Kaunti ya Migori. Tangu mwaka 2004 hivi wavuvi wetu wamelipishwa, wamekamatwa na kunyang'anywa samaki na polisi wa Uganda, na mwaka 2009 jambo hilo lilikaribia kuwagombanisha marais. Serikali zetu zimeunda kamati juu ya kamati. Mkataba una kifungu cha 28 kinachoiruhusu nchi mwanachama kuipeleka nchi mwenzake katika Mahakama ya Afrika Mashariki inapovunja mkataba, na kuwatesa wavuvi ni kuuvunja, hata kama swali la nani mwenye mwamba linahitaji mahali pengine. Kwa nini Nairobi haijawahi kuwa na ujasiri wa kukitumia kwa ajili ya watu wa Nyatike? Hilo ndilo swali ambalo mwakilishi wa Migori anapaswa kulisimamia Bungeni, na ni swali linalowezekana tu tukiwa ndani.

Mahakama hiyo inadharauliwa na watu wasioijua. Mwaka 2011 wakili Mkenya, Samuel Mohochi, alizuiwa kuingia Uganda katika uwanja wa ndege wa Entebbe na kurudishwa bila kuambiwa sababu. Alikwenda Arusha, na mwaka 2013 majaji wakaamua kwamba Uganda imevunja mkataba. Mwaka 2014 shirika la Kenya la kutetea wanyama liliishinda serikali ya Tanzania iliyotaka kutia lami barabara ya kukata kaskazini mwa Serengeti, njia ya nyumbu. Mwaka 2020 Martha Karua aliishinda Kenya yenyewe katika mahakama hiyo hiyo na kuamriwa alipwe dola 25,000. Boniface Mwangi na Agather Atuhaire nao walikwenda huko mwaka 2025, miezi kama miwili baada ya yaliyowapata. Kifungu cha 30 kinampa haki hiyo mkazi yeyote wa nchi mwanachama, si lazima awe wakili wala shirika. Sharti lake gumu ni muda: miezi miwili tangu jambo litendeke au tangu ulipolijua. Kwa mvuvi aliyenyang'anywa injini, miezi miwili huisha akiwa bado anatafuta nauli ya kwenda kumwona chifu. Na hata ukishinda, serikali hazitekelezi upesi. Hayo ni mapungufu makubwa, na dawa yake iko mikononi mwa watu wanaotunga sheria na kupitisha bajeti.

Basi nawaomba haya. Andaeni vikao vya kuwasikiliza wavuvi na wachuuzi, si Nairobi, bali Kendu Bay, Mbita, Sori, Muhuru na Isebania, na maneno yao yaandikwe na kupelekwa kwa wajumbe wetu tisa wa Arusha na kwa waziri wa Jumuiya. Idaieni serikali ifikie makubaliano na Uganda na Tanzania juu ya leseni ya mvuvi mdogo kuvua katika maji ya jirani kwa ada inayojulikana, na juu ya utaratibu wa doria: injini iliyochukuliwa iandikiwe risiti, ionyeshwe mbele ya hakimu, na irudi ikiwa mwenyewe hana kosa. Kaunti zetu mbili ziajiri wakili mmoja wa pamoja ambaye kazi yake ni kesi za ziwa na mpaka, anayepigiwa simu siku hiyo hiyo mtumbwi unapokamatwa, ili ile miezi miwili isipotee. Pale mpakani, cheti rahisi cha asili ya bidhaa kibandikwe ukutani kwa Kiswahili, Dholuo na Kikuria, pamoja na namba ya kumshtaki afisa atakayemnyima mtu. Na amri ile ya Tanzania ya biashara 15 ipelekwe na serikali ya Kenya rasmi kwa mujibu wa mkataba, badala ya mawaziri kurushiana maneno ambayo huzimwa kwa chai ya Ikulu na kuacha kinyozi wa Mwanza bila kibanda.

Haya yanahitaji kazi na yatachosha. Kupiga kelele za kujitoa kunahitaji kipaza sauti tu, na nawajua wanasiasa wa nchi hii watakaovutiwa na kipaza sauti kadiri uchaguzi wa 2027 unavyokaribia. Ndiyo maana nataka jibu lenu sasa, kabla kampeni hazijaanza kuchemka. Nawaomba kila mmoja wenu aandike barua, hata ya ukurasa mmoja, ibandikwe katika ofisi ya eneo bunge lake, aseme atapiga kura gani iwapo azimio la kifungu cha 145 litaletwa, na aseme ni lini atafika ufuoni kusikiliza habari za injini na magunia. Sisi wa Kendu Bay tutaisoma ya mbunge wa Karachuonyo kwanza, kisha tutawaomba jamaa zetu wa kule kwingine watusomee zenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Old Town,
Kendu Bay.